Fundi wa Lukozi anayetazama ng'ambo kabla ya kuwasha sabufa

Saa tatu asubuhi, siku ya gulio hapa Lukozi, ukungu ndio kwanza unaachia mashamba ya karoti. Stephano Singano ametoa ubao wake nje ya kibanda, ameweka sabufa mbili juu yake na kuvuta waya wa umeme kupitia dirishani. Watu wamesimama mikono makwapani kwa baridi, wanasubiri mngurumo.

Stephano hawashi. Anaacha kila kitu kama kilivyo, anatembea hadi ukingoni mwa kiwanja, pale ardhi inapokatika kushuka bondeni, anakinga macho kwa kiganja na kutazama kilima cha pili. Anatazama kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe.

Kilima cha pili ni Kwemhande, kitongoji cha nyumba chache na msikiti mdogo wa bati. Moshi wa jikoni unapanda kwenye paa mbili tatu. Mtu mmoja analima. Hakuna turubai lililofungwa, wala watu waliokusanyika uani.

Hilo nalo halimtoshi. Mama mmoja anapita na tenga la kabichi kichwani, amepanda kutoka hukohuko, na Stephano anamsimamisha.

"Ng'ambo kwema, mama?"

"Kwema tu, baba."

"Hakuna tanzia?"

"Ingekuwepo ungeniona hapa na kabichi?" anajibu yule mama, na watu wanaangua kicheko.

Stephano hacheki. Anamshukuru, anarudi kwenye ubao wake, na hapo ndipo anapowasha.

Kazi ya Stephano, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, hata jina halina. Si muuzaji wa sabufa, ingawa zinapita mikononi mwake kila wiki. Yeye hupima. Mtu akitaka kununua muziki wa nyumbani na ameshindwa kuchagua kati ya huu na ule, huazima yote miwili kwa wafanyabiashara wa gulioni, anaacha kitambulisho kwa mmoja na ufunguo wa pikipiki kwa mwingine, kisha anaileta kwa Stephano ipambanishwe. Malipo ni shilingi elfu tano, na fundi anasema siku ya gulio zuri anaondoka na elfu thelathini. Siku nyingine anachomelea redio zilizokufa na kupalilia maharage.

Leo mteja wa kwanza ni Paskali, mnunuzi wa viazi anayefahamika gulio zima kwa maneno yake mengi. Amekuja na sabufa kubwa yenye taa za rangi zinazochezacheza, na nyingine ndogo, nyeusi, isiyo na urembo wowote. Boksi la ile kubwa limeandikwa wati elfu kumi na mbili.

"Kwa wati hizo, Paskali," anasema Stephano, "ungewasha hapa, taa za Lushoto nzima zikazimika."

Anafunga kamba kwenye msumari wa ubao, anaivuta hadi kwenye kigingi, na juu ya kigingi anakaza kifaa kinachofanana na rimoti ya runinga chenye pua ya sponji. Hicho ni kipima sauti. Alikinunua kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa, ambako kilikuwa kinapimia kelele za misumeno. Kina swichi ya herufi A na C, na Stephano anasema alikaa miezi mingi akipima kwa A bila kujua kwamba hapo kifaa kinaidharau besi, hadi alipoona video ya fundi mmoja mtandaoni akaduwaa.

Anapimia nje kwa makusudi. Ndani ya nyumba, anaeleza, kona ya ukuta huiongezea sabufa nguvu ambazo haina, na kila mtu ana kona yake. Nje hakuna wa kuisaidia. Kamba ni ileile kwa zote. Kisha anapiga milio mizito kutoka kwenye simu kuukuu isiyo na laini, mlio mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiwa chini kuliko uliopita.

Ile kubwa inaanza kwa kishindo. Namba inapanda hadi mia moja na nne, na Paskali anapiga makofi. Mlio unaofuata ni wa chini zaidi, na namba inaporomoka hadi themanini na kitu. Sabufa inahema, inatoa upepo tu. Ile nyeusi haijafika mia hata mara moja, lakini kila mlio inaujibu, na namba yake haiyumbi sana.

"Hii kubwa inajua kelele moja tu," anasema Stephano. "Wimbo wenye kelele hiyo utafurahi. Wimbo mwingine utadhani umeharibika."

"Sasa hizi taa?" anauliza Paskali, uso umemshuka.

"Taa zake nzuri. Usiku hutahitaji tochi kwenda chooni."

Watu wanacheka tena. Katikati ya kicheko simu nyingine, ile ya mfukoni mwa shati lake, inalia. Stephano anazima kila kitu, sabufa na kipimo, anaipokea na kusikiliza hadi mwisho. Ni mkewe, Loveness, anamkumbusha kununua chumvi.

"Fundi, unanikatia kipimo kwa ajili ya chumvi?" Paskali analalamika.

"Napokea yoyote," anasema Stephano. "Ya chumvi, ya mtu aliyekosea namba, yoyote."

Hapa gulioni wanamwona ni mtu wa mizengwe. Wengine wanasema amekuwa mwoga wa nini sijui, tangu lini fundi wa muziki akaomba ruhusa ya kupiga muziki? Wazee wanaoijua habari yenyewe hawasemi kitu. Nao kunyamaza kwao, Stephano anasema, ndiko kunakomchoma.

Ilikuwa masika ya mwaka juzi. Wakati huo Stephano alikuwa na mtindo wake, na mtindo huo ndio uliompatia jina. Akishapima kwa kifaa alikuwa anahitimisha kwa kile watu walichokiita kupungiwa. Mtu mmoja anatumwa kwa bodaboda hadi ng'ambo na kitambaa mkononi. Sabufa inawashwa huku. Besi ikimfikia kule, anapunga. Bonde lenyewe si pana, asubuhi tulivu mtu akipaza sauti upande mmoja anaitikiwa upande wa pili, na kwa macho ya kawaida unaweza kumtambua mtu kwa mwendo wake.

"Namba watu wengi hawazielewi," anasema. "Lakini kitambaa kikipungwa ng'ambo, mnunuzi anaruka juu kwa furaha. Nilipenda sana vile wanavyoruka. Nilijiona mimi nani sijui."

Siku hiyo mteja alikuwa Heri, mkulima wa karoti aliyevuna vizuri, na alitaka jambo moja tu: sabufa itakayovuka bonde. Ng'ambo alitumwa shemeji yake, Rajabu, na khanga nyekundu. Simu ya Stephano ilikuwa moja wakati huo. Aliitumia kupigia milio, na kila alipopima aliikata mtandao ili mtu asipige akamharibia kipimo.

Kwa hiyo hakujua. Alfajiri ya siku hiyo Bi Mwanamisi, mke wa Mzee Shabani wa Kwemhande, alikuwa amefariki hospitalini. Mwili uliletwa kwa barabara ya upande wa pili wa kilima, na kwa desturi ya Waislamu maziko yalipangwa siku ileile, baada ya sala ya adhuhuri. Habari zilisambaa kwa simu, kama zinavyosambaa siku hizi. Loveness alikuwa shambani karibu na Kwai. Alipopata taarifa alimpigia mumewe, akapiga tena na tena, simu haipatikani.

"Nilijua tu anapima," anakumbuka Loveness, mwanamke mpole anayezungumza huku akichambua mboga. "Nikaomba Mungu awe anapima kitu kidogo."

Hakuwa anapima kitu kidogo. Baada ya kipimo cha kamba, Stephano aliigeuza sabufa ikatazama bonde, akaweka wimbo wa dansi wenye besi nzito na kuanza kuifungulia taratibu. Yeye na Heri walisimama ukingoni, macho ng'ambo, wakisubiri khanga nyekundu.

Nyekundu hawakuiona. Waliona ya njano. Kisha ya bluu. Kisha khanga nyingi, pale uani kwa Mzee Shabani, zinapungwa na wanawake kwa nguvu, na chini kidogo, kwenye miti, wanaume wa kanzu nao wanainua mikono.

"Mgosi, bwana wangu, kijiji kizima kimetoka!" Heri alipiga kelele. "Wameipenda! Ongeza!"

Na Stephano akaongeza. Akaizungusha swichi ya sauti ya sabufa hadi ilipogota. Kipima sauti kilikuwa bado kwenye kigingi, akakitupia jicho: mia moja na kumi na mbili. Hakuwahi kuona namba hiyo tangu aanze kazi. Khanga zilivyozidi kupungwa ndivyo alivyozidi kupata wazimu wa furaha, akainua mikono yote miwili juu na kucheza. Alicheza palepale ukingoni, anakata kiuno, mtu mzima mwenye watoto sekondari, huku Heri akimpigia makofi.

Walikuwa wanamwona. Hilo ndilo asiloweza kulisema bila kutazama chini.

"Wao walikuwa wananiona vizuri tu," anasema, kisha anachukua kitambaa na kufuta sabufa ambayo haina vumbi. "Mimi nawaona wao, wao wananiona mimi. Wananiambia nizime, mimi nacheza."

Rajabu ndiye aliyekuja kuukata muziki. Alikuta watu kaburini, akaificha ile khanga nyekundu ndani ya koti, akageuza bodaboda. Kwa namna alivyoendesha kwenye tope lile, ni ajabu hakuanguka. Alipofika hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye soketi, akang'oa waya.

"Wanazika," alisema. "Wanamzika Bi Mwanamisi, mama Zakia."

Anayejua ng'ambo na huku wanavyoishi ataelewa kwa nini Stephano aliketi chini kwenye majani mabichi. Bi Mwanamisi ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza kabisa, alimletea redio ya mbao iliyoliwa na mende wakati ambapo hakuna aliyemwamini na bisibisi. Na mama yake Stephano alipofariki, Bi Mwanamisi alishuka bondeni na kupanda na mzigo wa kuni kichwani, Mwislamu akiingia msiba wa Walutheri, akakaa jikoni hadi matanga yalipoisha. Kuni zile Stephano alizipokea yeye mwenyewe mlangoni.

Huku milimani msiba hauangalii dini. Mtu akifa, jembe linawekwa chini, redio inazimwa, na kila nyumba inatoa mtu. Usipotoa mtu, wanakuuliza unaumwa nini.

Stephano hakwenda.

Na hili ndilo kosa analolitaja kwa sauti ya chini kuliko lile la kwanza. Jioni ile Loveness aliporudi alimkuta ndani, mlango umefungwa. Alimwambia waende pamoja wakaombe radhi. Stephano alisema kesho. Kesho yake akasema watu bado wana hasira, wacha wapoe. Loveness alikwenda peke yake na debe la unga. Walimpokea vizuri, wakampa nafasi na wenzake jikoni, na hakuna aliyemuuliza mumewe yuko wapi.

"Bora wangeniuliza," anasema Loveness. "Ningekuwa na la kuwajibu. Nilikaa pale natwanga vitunguu saumu, nakwepa macho ya watu kama mwizi."

Siku zikawa wiki. Stephano aliacha mtindo wa kupungiwa, akatafuta simu ya pili, akaanza kutazama ng'ambo kabla ya kuwasha. Lakini ng'ambo kwenyewe hakukanyaga. Akiwa na shughuli upande ule anazunguka kwa basi dogo kupitia njia ndefu, analipa nauli mara mbili, ili asipite mbele ya nyumba ya Mzee Shabani. Akimwona mzee gulioni anaingia duka lolote lililo karibu. Safari moja aliingia duka la nguo za kike na akalazimika kununua sidiria, ambayo Loveness alikataa kuivaa. Anasimulia hilo na watu wanacheka, lakini yeye mwenyewe masikio yanamwiva.

Paskali amekwishachagua ile nyeusi, kwa shingo upande, na anaanza kuzirudisha zote kwenye maboksi. Hapo ndipo mwanamke mmoja anapojipenyeza katikati ya watu, amebeba boksi dogo chini ya kwapa na mwenzake anamfuata na jingine. Anauza mbogamboga Soni, anasema, na wiki nzima amekuwa akiulizia bei za sabufa.

"Habari za kazi, kaka Stephano."

Stephano anageuka, na kamba inamtoka mkononi. Ni Zakia, binti wa Mzee Shabani na marehemu Bi Mwanamisi.

"Nzuri, dada. Za huko?"

"Kwema. Baba masikio yanamwisha, na macho nayo hayaoni vizuri. Redio anaiweka shavuni kama simu na bado hapati mawaidha ya Ijumaa. Nataka kumnunulia chombo, ila sijui kipi." Anaweka boksi kwenye ubao. "Nilitaka kupimia hukohuko Soni. Baba kakataa. Kasema, nenda kwa fundi wa ng'ambo, yeye ndiye anayejua."

Paskali anaacha kufunga boksi.

"Kasema hivyo?" anauliza Stephano.

"Kasema hivyo."

Kwa dakika kadhaa fundi anahangaika na mambo ambayo kila siku anayafanya akiwa amefumba macho. Anachomeka waya kwenye tundu lisilo lake. Anaipima kamba upya kana kwamba imerefuka. Halafu anavuta pumzi, anakwenda ukingoni, anatazama ng'ambo, na leo haulizi mtu kama kuna kwema. Mwenye ng'ambo amesimama nyuma yake.

Anapima vyombo vyote viwili, na kwa mara ya kwanza havipimi kwa milio mizito peke yake. Anaweka hotuba, sauti ya mtu anayezungumza, anaishusha besi hadi chini kabisa, kisha anachukua kipimo mkononi na kutembea nacho. Anarudi nyuma hatua kwa hatua, anapita kibanda cha jirani, anapita mti wa pea, macho kwenye namba. Anatafuta pale sauti inapoishia.

"Mzee hahitaji besi," anamwambia Zakia anaporudi. "Besi itamziba maneno. Hiki ndicho kilichoshindwa kwa nguvu, lakini chukua hikihiki. Maneno yake yamenyooka, na kikiwa chumbani mwake jirani hatajua kama kimewashwa."

"Umepima mpaka jirani asisikie?"

"Ndiyo."

Zakia anakirudisha chombo kile kwenye boksi. Baadaye, akizungumza na mwandishi wa makala haya pembeni ya gulio, anasema alikuwa mmoja wa wanawake waliosimama uani siku ile. Alikuwa amejifunga khanga ya mama yake. Aliivua akaipunga hadi mkono ukafa ganzi.

"Sikumchukia," anasema. "Nilishangaa tu. Nilisema, huyu si Stephano? Huyu si mtu wetu?"

Anamwomba fundi aende kukifunga chombo mwenyewe, maana nyumbani hakuna anayejua waya upi uende wapi. Stephano anasema kuna kazi nyingi. Anatazama ubao wake, ambao hauna kazi yoyote. Kisha anaokota koti.

Wanakwenda kwa bodaboda, kwa barabara. Njia nzima Stephano amelikumbatia boksi kifuani. Wanapofika uani kwa Mzee Shabani anasimama kwenye ua wa michongoma kama mgeni anayeogopa mbwa. Nyumba hii haina mbwa.

Mzee ameketi kwenye kigoda, kofia nyeupe, blanketi mabegani. Redio iko mapajani.

"Shikamoo baba," anasema Stephano. Mzee hajasikia. Anarudia kwa nguvu. "Shikamoo baba!"

"Marahaba. Karibu. Nani?"

"Stephano. Fundi."

"Aa, fundi," anasema mzee. "Pita."

Wanaingia chumbani kwa mzee, na kazi yenyewe ni fupi. Stephano anaweka chombo kwenye stuli mbali na kona ya ukuta, anaunganisha redio, anashusha besi, anapandisha maneno kidogo kidogo, huku akitoka nje mara kwa mara kusikiliza kama sauti imevuka ua. Katika kupandisha huko mzee anainua mkono ghafla. Amesikia. Sheikh anaeleza habari za subira, na mzee anatikisa kichwa taratibu akimfuata neno kwa neno. Zakia anajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Hotuba inapoisha Stephano anapiga goti karibu na sikio la mzee. Maneno aliyakariri kwa miaka miwili, na sasa yanakuja vipandevipande.

"Baba, ile siku ya mama. Mimi ndiye niliye... Ule muziki, baba. Sikujua. Simu nilikuwa nimeikata. Niliona khanga nikadhani..."

Shingo yote imemjaa jasho, na huku ni baridi.

Mzee Shabani anapunguza chombo chake kipya, anatafuta kitufe kwa vidole hadi anakipata.

"Talakini ya mke wangu, yale maneno anayosomewa maiti kaburini, sikuisikia," anasema. "Nilikuwa kaburini naona mdomo wa mwalimu unacheza tu. Dum, dum, dum. Nilidhani ni moyo wangu. Usiku nilimwita mwalimu akanirudia yote mwanzo hadi mwisho. Hilo likaisha."

"Nisamehe, baba."

"Nimesema limeisha. Yakaja matanga. Nikaona Walutheri wamekuja, mchungaji kakaa pale mlangoni. Nikamwona mkeo. Nikamwona yule kijana wa karoti, ananiomba radhi hadi namwonea huruma. Kila anayeingia nainua kichwa. Nasema, huyu sasa ni Stephano. Siku ya kwanza, ya pili, hadi arobaini." Mzee anageuza uso, anamtafuta alipo. "Wewe ulikuwa wapi?"

Stephano alikuwa nyumbani, amefunga mlango. Alikuwa dukani, anachagua sidiria. Anabaki amepiga goti, mkono umeshika mguu wa stuli, na machozi yanamdondoka kwenye saruji bila kuyafuta.

Hakuna anayemwinua. Mzee anaongeza sauti ya redio kidogo, anasikiliza matangazo ya bei za mahindi hadi yanakwisha.

"Jumamosi ijayo tunamsomea mama yenu hitima," anasema hatimaye. "Hapa nyumbani. Chombo umekwishaleta, usilete kingine."

"Nitakuja, baba."

"Haya."

Zakia anataka kumlipa elfu tano zake na Stephano anakataa kuzigusa. Anaondoka kwa miguu. Bodaboda ya kurudi inamwita, naye anaipungia mkono iende.

Siku mbili baadaye, mwandishi anamkuta nyuma ya kibanda chake na shoka. Vipimo amesimamisha hadi wiki ipite. Anapasua kuni za mkaratusi, anachagua zilizonyooka, anazipanga juani na kuzigeuza kama anayeanika samaki, maana anataka zikauke zisije zikawatoa machozi wanawake jikoni. Hajazoea shoka. Kiganja kimoja amekifunga kitambaa.

Anaulizwa kama sasa moyo umetulia. Anasema hapana. Anasema zamani alikuwa akiona aibu kwa alichokifanya, na alishakizoea, alijua atakwepa wapi. Sasa anaona aibu kwa mzee aliyekuwa akiinua kichwa kila mtu alipoingia, na hiyo hajui ataipeleka wapi. Usiku inamjia akiwa amelala, anamwamsha Loveness, Loveness anamwambia akalale, Jumamosi itafika tu.

Ana mpango wa kuendelea na kazi ya kupima. Anataka siku moja atengeneze karatasi ya kubandika gulioni, inayomweleza mnunuzi kwamba maandishi ya boksi si kitu, apime kwanza. Kupungiwa hakutarudi. Mtu akitaka sabufa ya kuvuka bonde, Stephano atamwelekeza kwa fundi mwingine.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwanza kuna Jumamosi, na mzigo wa kuni unaozidi kunenepa. Rafiki zake wamejitolea kuupeleka kwa pikipiki, tena bure, uzunguke kwa barabara na kufika bila jasho. Amewakatalia wote.

"Barabarani sipiti," anasema, na anaelekeza shoka kwenye njia ya miguu inayoshuka kutoka ukingoni mwa kiwanja, palepale alipochezea, kuvuka kijito na kupanda hadi uani kwa Mzee Shabani. Ni njia isiyo na kichaka cha kujifichia, mtu akishuka huku, ng'ambo yote inamwona.

"Nitaubeba begani mchana kweupe. Walisimama pale wakaniona nacheza. Na wasimame palepale wanione nakuja."